Ukili wa Kizuka: Darsa Juu ya Huzuni na Kazi ya Mkono

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake.

Tumeletewa barua na dada yetu mmoja, ambaye hatutalitaja jina lake wala mji wake, atuuliza jambo ambalo kwa wengi laweza kuonekana dogo. Mumewe alifariki akamwacha na watoto wawili wadogo, na uani akaacha matita saba ya ukindu. Ukindu huo aliukata mwenyewe na kuuleta juu ya baiskeli yake siku chache kabla ya kuugua, ili mkewe asuke mkeka. Dada yetu yumo edani, katika mwezi wake wa pili. Siku moja alitoka uani akayaona yale matita yameanza kukauka vibaya, akaona haya kuyaacha yaharibike. Akayachana, akayatia rangi, akaanza kusuka ukili.

Basi yakazuka maneno. Mavyaa wake, aliye mjane naye, amemwambia kuwa mwanamke mwenye uchungu hashiki kazi. Wifi zake wameuona wekundu wa rangi vidoleni mwake wakasema kuwa kizuka atia hina. Naye amalizia barua yake hivi: “Nikiusuka ukili huu moyo wangu hutulia, na nikiuweka chini hurudi kulia. Ikiwa nina dhambi nambieni, niutupe.”

Tumelisoma suala hili katika darsa yetu kwa vikao viwili, na tumeona tulijibu hapa hadharani, kwani si la mwanamke mmoja. Majumbani mwetu wamo wengi waliofiwa ambao hawakuandika barua.

ENEO LA EDA

Jambo la kwanza la kulijua ni mpaka wa sharia. Mwanamke aliyefiwa na mumewe hukaa eda miezi minne na siku kumi, na miezi hiyo huhesabiwa kwa mwandamo, hata jumla yake yapata siku 128. Akiwa mja mzito, eda yake ni mpaka ajifungue. Katika muda huo haposwi kwa kutajwa wazi wala haolewi. Hajipambi kwa nguo za urembo. Hatii wanja, hina wala manukato. Wala hatoki nyumbani kwake ila kwa haja.

Hayo ndiyo aliyokatazwa. Tutazameni sasa mangapi tumemwongezea sisi. Katika miji yetu mjane hukalishwa pembeni mwa kitanda, akanyamazishwa, akazuiliwa hata kufungua dirisha. Wako wanaomkataza kuoga ila kwa siku maalumu, na wako wanaoona ni aibu akionekana na ufagio mkononi. Na jina tunalomwita ni kizuka. Neno hili katika lugha yetu lina maana mbili: mwanamke aliye katika eda ya kufiwa, na kitu cha kutisha kinachotokea kama pepo. Hatusemi kuwa aliyelitumia neno hili ana nia mbaya, kwani sote twalitumia. Lakini twauliza: mwanamke mzima, mwenye akili na watoto, tukimwondolea maneno na nuru na kazi, tumembakishia nini ila kuwa kizuka kwa ile maana ya pili?

Sharia haikutaka hivyo. Imemwekea mjane muda wenye mwanzo na mwisho, ili haki ya mumewe itimizwe na nasaba ihifadhiwe, na ili watu wamstahi. Haikumwamuru kukaa bure.

MAFUNZO KATIKA KITABU NA SIRA

Twajua kuwa wako watakaosema: “Haya ni maoni yenu.” Basi na turejee walipo wakubwa wetu.

La kwanza ni kisa cha Nabii Nuhu (A.S.) katika Sura ya Hud. Alipofahamishwa kuwa hapana tena katika watu wake atakayeamini ila wale waliokwisha kuamini, aliambiwa asihuzunike kwa wayatendayo. Na amri inayofuatia hapo hapo ni kuwa aunde jahazi. Tumezoea kuzisoma aya hizi mbili kwa ajili ya khabari ya gharika, tukapita. Lakini zatuonyesha kuwa mtu aliyekata tamaa na watu wake hakuambiwa tu “usihuzunike” kisha akaachwa. Alipewa mbao na kazi. Na waliompitia wakamcheka, kama wanavyochekwa leo wale ambao kazi yao ya huzuni haifahamiki na jirani.

La pili ni khabari ya Bibi Zaynab binti Jahsh, mke wa Mtume (S.A.W.) na Mama wa Waumini. Yeye alikuwa hodari wa mikono: akidabighi ngozi, akizishona, na chumo lake akilitoa sadaka. Na huyu ndiye yule yule ambaye alipofiwa na nduguye aliagiza manukato akajipaka, kisha akaeleza kuwa hakuwa na haja nayo. Alitaka tu watu wajue alilolisikia kwa Mtume juu ya mimbari, kuwa mwanamke mwenye kumwamini Mungu na Siku ya Mwisho hakai kikondo kwa ajili ya maiti zaidi ya siku tatu, isipokuwa kwa mumewe. Mtazameni bibi huyu: kwa mkono mmoja aweka mpaka wa msiba, na kwa mkono wa pili afanya kazi na kulisha masikini. Alifariki mwaka wa 20 wa Hijra, naye ndiye wa kwanza katika wake wa Mtume kumfuata.

La tatu ni khabari ya khale yake Jabir bin Abdillah. Alikuwa katika eda ya talaka, akataka kwenda kuangua tende zake. Mtu mmoja akamkemea kwa kutoka. Akaenda kwa Mtume (S.A.W.), naye akamruhusu aende akaangue, akimwambia kuwa huenda akapata kutoa sadaka au kutenda wema kwa tende hizo. Ni kweli kuwa eda yake ilikuwa ya talaka wala si ya kufiwa, na wanazuoni wametafautisha baina ya hukumu za mbili hizi. Lakini sababu aliyoitaja Mtume ndiyo tuitakayo hapa: kazi ya mkono wa mwanamke aliye edani huenda ikazaa kheri, basi isikatwe bila ya dalili.

La nne latuhusu sote, waume kwa wake. Alipozikwa Uthman bin Madh'un, Muhajiri wa kwanza kuzikwa katika makaburi ya Baqii, Mtume (S.A.W.) alimwagiza mtu alete jiwe. Mtu yule hakuweza kuliinua. Mtume akakunja mikono ya nguo yake, akalibeba mwenyewe, akaliweka kichwani pa kaburi ili alitambue kaburi la nduguye. Na alipozikwa mwanawe Ibrahim, mwaka wa 10 wa Hijra, wapokezi wa sira wameeleza kuwa aliona mwanya kaburini akaamuru uzibwe, akafahamisha kuwa hilo halimdhuru maiti wala halimnufaishi, bali latuliza jicho la aliye hai. Na siku ile alikuwa amelia, machozi yakamtoka mbele za watu, wala hakulionea haya.

Tulipofika hapa katika darsa kila mmoja wetu alinyamaza, kwani ni nani katika sisi ambaye hakuwahi kusimama kaburini akitafuta la kufanya? Yule achukuaye jembe, na yule aokotaye udongo kwa mikono yake, na yule asawazishaye pembe ambayo mvua itaibomoa kesho: hapana katika hao anayedhani kuwa amfaa maiti kwa kule kusawazisha. Jicho lake ndilo linalotulia. Na Mtume hakuliita jambo hilo upuzi.

MKONO WAFANYA NINI

Sasa twende kwenye hekima, kwani hukumu bila ya hekima ni kama mlango usio nyumba.

Msiba una sifa moja iliyo nzito kuliko kilio chenyewe: hauna kipimo. Aliyefiwa hajui leo amelia kiasi gani wala amebakiwa na kiasi gani. Siku tatu za matanga hupita haraka, kwani watu wamejaa, mikeka imetandikwa, na jirani wameleta chakula. Siku ya nne mikeka hukunjwa, watu wakenda zao, na mwenye msiba akabaki na nyumba. Hapo ndipo kazi inapoanza, na hapana ajuaye kazi hiyo yapimwa kwa nini.

Ukili wapimwa. Tumewauliza mabibi wanaoijua kazi hii, nao wametueleza jinsi ilivyo. Ukindu hukatwa ukiwa mchanga, ukaanikwa juani hata ukawa mweupe. Huchanwa kwa ukucha au kwa kisu, chane ziwe za upana mmoja, kwani chane moja ikiwa nene ukili wote hupinda. Zile za kutiwa rangi huchemshwa sufuriani pamoja na rangi, kisha zikaanikwa tena. Ndipo msusi huzishika chane zake akaanza, na kila chane ikikaribia kwisha huingiza nyingine mahali pake, hata ukili ukawa mrefu pima kwa pima bila ya kuonekana ulipoungwa. Mwisho kili hushonwa ubavu kwa ubavu, na hapo ndipo mkeka huonekana kuwa ni mkeka.

Mwenye kuifanya kazi hii hawezi kuiharakisha, wala hawezi kuifanya moyo wake ukiwa mbali kabisa, kwani akikosea hesabu ya chane, nakshi huharibika naye hulazimika kufumua. Lakini pia si kazi ya kuumeza moyo wote. Mikono ikishazoea, moyo hupata nafasi ya kumkumbuka marehemu, na chozi likianguka juu ya ukindu haliuharibu. Hii ndiyo hali aliyoieleza dada yetu. Hakusema kuwa amemsahau mumewe. Amesema moyo wake watulia. Na jioni akiupima ukili kwa shibiri zake ajua kuwa siku imepita na kuna kitu alichokifanya, siku ambayo bila ya ukili ingepita bila ya alama yoyote.

Wala hayo si maneno ya mabibi zetu peke yao. Mwaka 1999 wataalamu wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, waliandika kuwa mtu aliyefiwa huenda na kurudi baina ya mambo mawili: mara huielekea huzuni yake akailia na kumkumbuka aliyekufa, mara huelekea kazi za maisha ambazo sasa zamtaka yeye. Wakasema kuwa kule kwenda na kurudi ndiko kunakomwezesha kuzoea hali mpya, na kuwa anayekaa upande mmoja tu huwa katika shida. Tumewataja hawa si kwa kuwa dini yahitaji ushahidi wao, bali kwa kuwa wako katika sisi wanaodhani kuwa mila ya kumkalisha mjane bure ndiyo huruma, na kazi ndiyo ukatili. Mambo sivyo yalivyo.

MAONYO MANNE

Haya tuliyoyasema yaweza kuchukuliwa vibaya, kwa hivyo twaongeza maonyo.

Kwanza, kazi si dawa ya kulazimishwa. Yupo ambaye katika wiki za mwanzo hawezi hata kushika kijiko. Huyo asiambiwe: “Fulani alisuka mkeka, wewe wakaa tu.” Ilipofika Madina khabari ya kuuawa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muuta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) aliagiza watu wawapikie chakula jamaa wa Jaafar, kwani limewafika la kuwashughulisha. Sunna basi ni jirani kupika. Wala si sunna mfiwa kuwapikia wageni sinia kwa sinia kwa mali ya mayatima, kama tufanyavyo. Hiyo si kazi ya mkono ituliayo moyo. Hiyo ni jinsi nyingine ya kumfilisi.

Pili, kazi isiwe ni mahali pa kujificha. Mwenye kufanya kazi usiku na mchana ili asipate kulia kabisa hajajitibu. Wazee wamesema: mwenye kovu usidhani kapoa. Chozi ni rehema, na lililokatazwa ni kupiga makofi ya mashavu, kuchana nguo na kuomboleza kwa maneno ya kumlaumu Mola.

Tatu, chumo la mjane ni lake. Tumesikia ya wanawake wanaoshona kofia edani, tundu kwa tundu, hata macho yakauma, kisha kofia ikauzwa na ndugu wa mume na thamani yake isionekane. Qurani imeeleza wazi kuwa wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Atakayeigeuza tulizo ya mjane kuwa mtaji wake atajibu mbele ya Mungu.

Nne, nasi wanaume tumo katika darsa hii. Mwanamume akifiwa na mkewe au mwanawe hana eda, na siku ya nne hutakiwa dukani au bandarini kama kwamba hapana lililotokea. Ajabu yetu ni hii: mke twamkataza kazi, na mume twamkataza huzuni. Kila mmoja tumemnyima nusu anayoihitaji. Mwanamume apate naye saa ya kukaa na kitu mkononi, akitie miguu mipya kiweko cha mbao cha marehemu babake cha kuwekea msahafu, au apande mti aliotaka mwanawe kuupanda, na alie akitaka kulia.

JAWABU KWA DADA YETU

Sasa twamjibu aliyetuuliza.

Dada yetu, kusuka ukili edani si dhambi. Rangi iliyokushika vidoleni si hina, kwani hina ni pambo linalokusudiwa mwilini, na hii ni taka ya kazi kama masizi ya chungu. Ukitaka kuepuka maneno ya watu, mwache jirani akutilie rangi zile chane zilizobakia, lakini hulazimiki.

Ila tumeona katika suala lako jambo ambalo hukutuuliza, na haitujuzii kulinyamazia. Ukindu ule aliukata marehemu, kwa hivyo ni katika mali aliyoyaacha, hata kama ni kitu kidogo. Kwa kuwa ameacha watoto, fungu lako katika mali yake ni thumni, na fungu la mamake ni sudusi, na yaliyobaki, kwa vile babake alimtangulia, ni ya watoto. Fungu la watoto wadogo halitolewi sadaka wala halisamehewi na mtu. Basi ukadirishe matita yale saba kwa bei ya sokoni, uwawekee watoto haki yao, na kazi ya mikono yako itabaki kuwa yako.

Ama fungu la mavyaa wako, usilikadirie kwa fedha kabla ya kufanya hili tutakalokwambia. Chukua tita moja, umwendee, umwambie: “Mama, huu ni ukindu wa mwanao, nawe una haki yako ndani yake.” Kisha ukae naye.

Sisi katika darsa tulianza kwa kumlaumu mama huyu. Mzee mmoja katika sisi, aliyezika watoto wawili, alitukataza. Alituambia: “Mnamtazama mke kwa kuwa ana eda. Mama je? Mama hana eda.” Maneno yake yakatuingia. Mke amewekewa miezi minne na siku kumi, watu wote wajua kuwa ana msiba, na siku ya kutoka kwake yajulikana. Mama hakuruhusiwa kukaa kikondo zaidi ya siku tatu, na hayo ni kwa rehema ya Mungu, asije akazikwa pamoja na mwanawe. Lakini sisi watu tumeifahamu rehema hiyo vibaya, tukadhani kuwa huzuni yake nayo yatakiwa ishe siku ya tatu. Hapana amwulizaye tena. Amwona mkwewe ana kitu mkononi, kitu kilichoguswa mara ya mwisho na mwanawe, na mikono yake yeye ni mitupu. Yumkini alipokwambia kuwa mwenye uchungu hashiki kazi, uchungu aliokuwa akiutaja ni wake.

Huenda akalikataa tita lile. Usimshurutishe, liweke karibu naye uende zako. Na akilipokea, mwache achane kwa namna yake hata kama chane zake ni nene kuliko zako. Mkeka utakaotoka waweza kuupeleka madrasa wakalie watoto wanaosoma, kwa sharti tulilolieleza juu ya haki ya mayatima, au mkautandika nyumbani watoto wake wakasalia juu yake. Yote mawili ni mema.

Nanyi wifi zake, mkiyasoma haya: mna ndugu aliyekufa nanyi. Kazi ya kushona kili ni ndefu, na mikono miwili haitoshi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, awape subira waliobaki, na atufundishe sisi kuwastahi wenye msiba kwa ujuzi wala si kwa mazoea. Wallahu aalam.